Mkuu wa kaya ni nani?

Moshi,
Jumapili jioni.

Mpendwa Rehema,

Za siku nyingi? Uliponiuliza kwenye simu utafiti wetu wa chuoni unamsaidia nani, nilikujibu ovyo kwa sababu nilikuwa nimening'inia kwenye daladala. Sasa nimetulia.

Wiki iliyopita tulikuwa Kibosho tukijaza madodoso kwa wakulima wa kahawa. Huku watu wana ushirika tangu KNCU ya 1933, ule muungano wa vyama vya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kujaziwa fomu wamezoea kutoka kwa mababu. Swali la kwanza: mkuu wa kaya ni nani? Mama mmoja alikuwa kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, anachambua punje mbovu huku tunaongea. Akanitajia jina la mumewe. Yupo? Yuko Dar es Salaam, mwaka wa tisa huu. Nani anapogoa mibuni? "Mimi." Nani anapeleka kahawa chama cha msingi cha ushirika? "Mimi." Na hela? Akacheka tu. Mwanachama ni baba, kwa hiyo malipo yanatoka kwa jina la baba.

Nikaandika jina la baba, Rehema. Karatasi haikuwa na nafasi nyingine.

Kesho mtu atalisoma jedwali letu ofisini, aone wakulima karibu wote ni wanaume, na mafunzo na miche chotara vigawiwe kwa majina hayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini kihamba, shamba la ukoo la Wachagga, bado kinarithiwa na watoto wa kiume. Dodoso letu limesimama upande wa kihamba bila hata kujua.

Tukauliza pia ana ekari ngapi za kahawa. Ekari gani, wakati mibuni imejibanza katikati ya migomba na magimbi? Watu wanahesabu mashina. "Andika unachotaka, mwanangu," akaniambia.

Nimemweleza mwalimu wetu, naye hakubisha. Tumeongeza maswali mawili: nani anafanya kazi, na nani anapokea fedha. Jumanne tunarudi kwenye kaya zilezile, na nitaanza kwa yule mama. Ameniagiza nimpelekee majibu ya watafiti waliopita hapo mwaka juzi, wakampiga picha na kichanja chake, kisha wasionekane tena. Nimemnunulia sukari kilo moja, ingawa najua siyo alichoomba.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Aika