Msamaha wa binti haupangwi na wazee

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo makanisa yetu ya Bukavu yanalipitia haraka mno. Hivi karibuni, huku Kadutu, nilikaa katika kikao cha familia mbili kilichoongozwa na wazee wa kanisa, baada ya binti wa miaka 16 kubakwa na jirani. Mbuzi alikuwa amefungwa uani, bahasha iko mezani, na binti mwenyewe yuko jikoni akisonga bugali wa wageni. Aliitwa mwishoni tu, ampe mkono yule mtu na kutamka kwamba amemsamehe, la sivyo asikaribie Meza ya Bwana. Vidole vyake vilikuwa bado na unga.

Ilikuwa siku ya tano tangu abakwe. Saa 72 ambazo ndani yake dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa zilikuwa zimekwisha kupita, katika mji wenye hospitali ya Panzi, inayojulikana kwa kuwatibu waliobakwa, huku wazee wakipatana juu ya mbuzi.

Tulisomewa Mathayo 18, kusamehe saba mara sabini, Biblia ikafungwa. Lakini katika sura hiyohiyo, mistari michache kabla, Yesu anaagiza mkosaji aonywe faraghani, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kanisa zima, na katika Luka 17:3 anasema: «Akitubu msamehe.» Zakayo mtoza ushuru alisimama mwenyewe akaahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Mtu wetu hakufungua kinywa. Baba yake mdogo ndiye aliyemsemea, kwamba ni shetani aliyempitia.

Najua nitajibiwa kwa mfano wa mtawa wetu Mwenyeheri Anuarite, aliyemsamehe muuaji wake kule Isiro mwaka 1964. Mimi si Mkatoliki, lakini mfano huo naupenda sana. Ila neno lile lilitoka moyoni mwake. Hapakuwa na mzee pembeni akimharakisha. Papa Yohane Paulo wa Pili naye alimtembelea gerezani, mwaka 1983, Mehmet Ali Ağca aliyempiga risasi, wakaketi pamoja wakazungumza, kisha Papa akatoka na Ağca akaendelea na kifungo chake.

Tunayoyafanya sisi yanafanana zaidi na maneno ya Absalomu kwa dada yake Tamari, aliyebakwa na ndugu yao Amnoni, katika 2 Samweli 13: nyamaza, ni ndugu yako, usilitie moyoni. Maandiko yanasema Tamari akabaki katika hali ya ukiwa.

Sheria ya nchi yetu ya Kongo, ya tarehe 20 Julai 2006, inaadhibu ubakaji, na hakuna mbuzi anayeifuta. Kwa hiyo nawasihi wachungaji wetu: binti afikishwe kwa daktari siku ileile, mkosaji afikishwe mahakamani, na wazee waache kumhesabia binti siku za kusamehe. Hata kama atakaa miaka kumi kabla ya kulitamka neno hilo, asizuiwe kukaribia Meza ya Bwana.

Wako katika Kristo,
Mama wa kanisa, Kadutu, Bukavu