Habari za chuo anachokitaka Rehema

Providence, Rhode Island

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatukomoa.

Ujumbe wako nimeupata. Kumbe mwanetu Rehema anakitaka chuo cha sanaa na ubunifu cha hapahapa mjini kwetu, Rhode Island School of Design! Wenyeji wanakiita Rizdi.

Ni chuo binafsi na cha zamani, tangu 1877, na walioanzisha ni akina mama. Walichanga fedha za kushiriki maonyesho makubwa ya Philadelphia ya 1876, Marekani ilipotimiza miaka 100. Maonyesho yakaisha, zikabaki dola 1,675. Likaja wazo la kujenga chemchemi bustanini. Helen Metcalf akakataa: iwe shule, ili viwanda vya hapa vipate mafundi wanaojua kuchora na kubuni. Akashinda, na akaisimamia hadi alipofariki 1895. Mimi na wewe tumekaa kwenye vikundi, tunajua salio huishia kwenye sare na pilau!

Sasa masomo. Mwaka wa kwanza hakuna wa mitindo wala wa katuni. Wote wanapita msingi mmoja: kuchora, ubunifu, na kuunda maumbo kwa mikono, na somo moja linaweza kula siku nzima studio. Kisha ndipo mtu anachagua njia yake: mavazi, ufinyanzi, kioo, fanicha, vito, uchoraji na mengine. Shahada nyingi ni miaka minne, ya usanifu majengo mitano. Yule mchoraji mzaliwa wa Addis Ababa, Julie Mehretu, alichukua shahada yake ya uzamili hapa 1997.

Mimi kinachonivutia ni maabara yao ya viumbe, iliyoanzishwa na mwalimu Edna Lawrence 1937. Mafuvu, ndege waliokaushwa, vipepeo, makombe ya baharini, na si vya kutazama tu. Mwanafunzi anaweka fuvu mezani, analigeuza huku na huku, anachora mpaka kila ufa umekaa mahali pake. Mtoto wa Tanga kwenye yale makombe hutamtoa!

Ndiyo maana ile michoro ya kwenye simu uliyonitumia, nzuri kweli, lakini peke yake sidhani kama itamfikisha. Zamani kila mwombaji alitakiwa kuchora baiskeli kwa penseli. Sharti hilo halipo tena, ila mpe Rehema hiyo kazi: akae mbele ya baiskeli ya mjomba wake, achore mnyororo, spoku, hadi kengele.

Ada sikufichi, imeshapita dola 60,000 kwa mwaka, chumba na chakula kando. Akiomba nafasi, aombe na msaada wa ada hapohapo, asisubiri kukubaliwa kwanza.

Huo mchoro wa baiskeli ukiwa tayari nitumie, hata kama haujanyooka. Msalimie Baba Rehema, na Bibi mwambie dawa yake ya magoti nitampa mtu anayekuja Ramadhani.

Wako,
Zainabu