Mwatiko kwenye ndoana

Alphonse, Shelisheli

Sahibu yangu,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, ila jua limenibabua pua hata mama akiniona atauliza huyu mtoto wa nani.

Umeniuliza kama ni kweli kazi yangu ni kuwasukuma wazungu kwa pondo. Ni kweli, cheka utakavyo: nawaongoza wageni wanaokuja kuvua kwa mchezo. Kila asubuhi tunavuka kwenda St. François, kisiwa cha jirani. Huko hakai mtu. Ni mafungu ya mchanga, na mabaki ya meli zilizopanda mwamba. Maji yakikupwa hadi magotini tunashuka, tunanyata kama wanaotafuta pweza. Na wallahi, macho yale yale ya pweza ndiyo yanayonilisha: mgeni haoni kitu, mimi nimeshaona kivuli kinachokwenda kisichofuata wimbi.

Chambo chao si dagaa wala ngisi. Ni ndoana imefungwa manyoya, nyepesi hata huwezi kuirusha. Uzito wote uko kwenye mshipi, mnene kama kamba ya kiatu. Wanaupeleka hewani nyuma na mbele mpaka unyooke, chambo kinafuata. Upepo ukikaza kinatua popote. Kisogo changu kina kovu.

Wengi wanamlilia kolekole, yule mkubwa anayeandamana na samaki taa ili adake vinavyotimuliwa mchangani. Kikande naye ana vituko vyake: anakula kichwa chini, mkia nje ya maji, na ukimnasa anakimbilia tundu lake. Lakini unamjua mgumu kuliko wote? Mwatiko! Huyu huyu mnayemfuga kwenye mabwawa huko. Anakula mwani na vijidudu, kwa hiyo chambo chake ni kijani, kama uchafu tu unaoelea.

Juzi nilikuwa na mzee mmoja Mfaransa. Mwatiko walikuwa wamejipanga mkondoni, midomo wazi juu ya maji, kama watoto kwenye foleni ya uji. Mzee akarusha, akarusha tena, mkono ukachoka. Mara mmoja akafumba mdomo. Mshipi ukaondoka ukilia, samaki akaruka mara tatu, na sisi nyuma yake kwa boti saa nzima na ushei. Alipokuja ubavuni, pumzi zimemwisha, nikatia wavu kwa pupa. Ukingo ukagusa mshipi uliokaza. Tap!

Akakaa pale pale kidogo, sahibu, anatutazama kwa jicho lile kubwa, kisha akaenda zake.

Mzee hakusema neno. Akakaa, akavua kofia, akaanza kufunga chambo kingine huku vidole vinatetemeka. Nilitamani anitukane. Na huyo samaki angerudishwa majini vile vile, ndiyo desturi yao. Hata mwiba wa ndoana wanaubana kabisa ili itoke bila kumchana. Haya usimwambie mama, atauliza nimekula nini huku.

Kesho tunarudi na mzee mahali pale pale. Wavu amesema atashika mwenyewe.

Ukipata mtu anayekuja, nitumie pama la ukili. Kofia ya kampuni haifuniki pua.

Wako,
yule wa pondo