Barua kwa Deo: kabla hujachagua timu ya wiki ya kwanza

Minneapolis, Agosti 22

Kaka Deo,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Nimefurahi kusikia umeshazoea Columbus, na kwamba wenzako wa kazini wamekualika kwenye mchezo wao wa survivor: watu 100, kiingilio dola 20, kitita dola 2,000. Umesema unaonekana rahisi, kwani kila wiki unachagua timu moja tu ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ikishinda unabaki, ikifungwa unatoka, na timu uliyokwisha kuitumia huirudii tena. Kanuni ni rahisi kweli. Ugumu ni kwamba unashindana na watu 99, na wengi wao hawafikirii kabisa wenzao watachagua nini. Hapo ndipo unapoweza kuwapita.

Kabla hujatoa hela, muulize anayeuendesha mambo manne. Sare inahesabiwaje? Sehemu nyingi sare ni kutoka, na sare za NFL ni chache lakini zipo: Colts na Texans 20-20 wiki ya kwanza ya 2022, Packers na Cowboys 40-40 Septemba 2025. Mara zote mbili timu iliyopewa nafasi kubwa ya kushinda ilikuwa ugenini. Mwisho wa kuchagua ni lini, Alhamisi kabla ya mechi ya kwanza au Jumapili? Wote waliobaki wakitoka wiki moja, wanagawana kitita au wanarudishwa mchezoni? Na waliobaki wachache wakikubaliana kugawana, inaruhusiwa? Majibu haya yanabadilisha hesabu, kwa hiyo yaombe kwa maandishi.

Sasa nguvu ya timu. Usiikadirie kwa moyo wala kwa matokeo ya wiki iliyopita. Tazama odds, yaani bei za makampuni ya kubeti, maana bei ile imeshakusanya habari nyingi kuliko tunazoweza kukusanya sisi wawili. Marekani huziandika kwa alama za kutoa na kujumlisha. Timu ikiwa -400, gawa 400 kwa 500 (400 na 100), unapata asilimia 80. Mpinzani wake akiwa +320, gawa 100 kwa 420 (320 na 100), unapata karibu 23.8. Jumla inazidi 100 kwa sababu kampuni imeweka faida yake humo, kwa hiyo gawa 80 kwa 103.8: nafasi halisi ni kama asilimia 77. Ukiona handikapu tu, yaani tofauti ya pointi ambayo timu inatarajiwa kushinda nayo, kumbuka kwa makadirio kwamba pointi 3 ni kama asilimia 60, pointi 7 ni kama 75, na pointi 10 zinazidi 80 kidogo. Chini ya pointi 6 usiguse, labda wiki iwe mbovu kweli.

Wengi huishia hapo, wanachukua timu yenye asilimia kubwa kuliko zote. Tazama kinachotokea. Tuseme timu A ina asilimia 80 na watu 45 kati ya 100 wameichagua. Timu B ina asilimia 75 na imechaguliwa na watu 8. Waliobaki 47 wametawanyika kwenye timu zenye wastani wa 72. Ukipiga hesabu ya fungu lako kwenye kitita cha dola 2,000, aliyechagua A anamaliza wiki akiwa na thamani ya karibu dola 18.90. Aliyechagua B ana dola 21. Sababu ni kwamba A ikilala, karibu nusu ya washiriki wanaondoka na wewe umebaki na wachache. Juu ya hayo, bado unayo A ya kutumia baadaye. Lakini usizidishe: ukishuka hadi timu ya asilimia 60 kwa ajili ya kujitenga tu, unajitoa mwenyewe. Mimi naona tofauti ya asilimia 5 au 6 inafaa kulipwa. Ikifika 10, rudi kwa wengi.

Yahoo na ESPN wana mchezo wa namna hii na huonyesha asilimia ya watu waliochagua kila timu. Anzia hapo, kisha rekebisha kwa mazingira yako. Wewe uko Ohio, kaka, katikati ya Cincinnati na Cleveland. Wenzako watawachagua Bengals na Browns, timu za miji hiyo, kuliko watu wa Texas wanavyofanya, na pengine wengine hawatathubutu kuchagua timu inayocheza dhidi yao. Wiki ya kwanza ya 2024 Bengals walikuwa nyumbani na Patriots, na walikuwa chaguo la watu wengi sana nchi nzima. Wakalala 16-10. Wiki iliyofuata Ravens nao wakafungwa nyumbani na Raiders 26-23. Aliyekuwa nje ya timu hizo mbili alipunguziwa wapinzani bila kutoka jasho.

Suala la kutunza timu kubwa linategemea idadi ya watu. Chukua wastani wa kuvuka wiki kuwa asilimia 75. Kwenye watu 12, baada ya wiki 8 anabaki mmoja hivi, kwa hiyo kumtunza kigogo kwa ajili ya Desemba ni kupoteza. Kwenu, watu 100, baada ya wiki 10 watabaki kama 6, na baada ya wiki 13 wawili au watatu. Panga hadi wiki ya 14 basi. Mchezo wa kasino ya Circa kule Las Vegas ni habari nyingine: kiingilio dola 1,000, maelfu ya tiketi, raundi 20 kwa kuwa Thanksgiving na Krismasi zinahesabiwa peke yake. Pale kila timu lazima ipangiwe siku yake.

Jioni moja kaa na karatasi au Excel: mistari 32 ya timu, safu 18 za wiki. Tia rangi kila mechi ambayo timu iko nyumbani dhidi ya kibonde. Usianze kwa kutafuta vigogo. Anza kwa kutafuta vibonde watatu au wanne, kisha uone nani anawakaribisha. Utakuta timu ya kawaida yenye rangi moja tu msimu mzima. Itumie wiki hiyo hiyo, maana haitakufaa tena. Kigogo mwenye rangi saba anaweza kusubiri. Kwa kawaida wiki ya 5 hadi ya 14 timu nyingine huwa mapumzikoni na mechi nzuri hupungua, kwa hiyo vigogo wawili au watatu wawekee huko. Karatasi yenyewe irekebishe kila Jumanne, kwa sababu kibonde wa Agosti mara nyingi si kibonde wa Oktoba.

Mitego ipo. Mechi za Alhamisi usiku ziepuke kama zinalingana na za Jumapili: ukichagua Alhamisi unakosa ripoti ya majeruhi ya Ijumaa ya timu zote nyingine. Kigogo aliye ugenini pia anadanganya. Bills walikwenda Jacksonville Novemba 2021 wakitarajiwa kushinda kwa zaidi ya pointi 14, wakafungwa 9-6. Kabla ya kila kitu angalia kwotabeki, yule anayerusha mpira. Akikosekana, handikapu inaweza kuhama pointi 5 au zaidi. Orodha ya wasiocheza hutoka dakika 90 kabla ya mechi, yaani saa tano na nusu asubuhi kwa zile za saa saba mchana za huko kwenu. Weka chaguo la akiba tangu Alhamisi, kisha libadilishe Jumapili ikibidi, kwani kusahau kuchagua nako ni kutoka. Na ukifika wiki ya 18, kaa mbali na timu iliyokwisha kujihakikishia nafasi yake ya mtoano, maana itapumzisha nyota wake.

Wakiruhusu tiketi mbili, yaani kuingia mara mbili, nunua mbili na uzitenganishe: moja iende na timu ya wengi, nyingine na ile ya wachache. Kuziweka zote kwenye timu moja wiki za mwanzo ni kulipa mara mbili kwa bahati moja. Mkibaki watatu au wanne na kila mmoja ana timu dhaifu mkononi, pendekeza kugawana. Kama wewe ndiye uliyetunza timu nzuri, kataa, au omba fungu kubwa zaidi.

Nitumie kanuni zao zikishatoka, pamoja na idadi kamili ya watu. Na uniambie kama machaguo yanaonekana kabla ya mechi kuanza, maana hilo likiwepo tutasubiri hadi dakika ya mwisho ndipo tuchague.

Ndugu yako,
Frank