Vijana wa Houston na vichapo 111

Houston, Texas
6 Oktoba 2013

Ndugu yangu Mbwana,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba mvua za vuli hazitawachelewesha mwaka huu huko Tanga. Huku sote tu wazima, joto ndiyo kwanza linaanza kupungua.

Uliniuliza kwenye simu hii timu ya besiboli ya hapa Houston ninayoitaja kila tukiongea, Astros, imekuwaje hata ikamaliza msimu na vichapo 111. Ukaongeza na swali ambalo mtu yeyote wa Coastal Union angeuliza: kwa hiyo inashuka daraja? Salio likakatika kabla sijajibu. Jibu lenyewe ni refu, ndiyo maana nimeamua kukuandikia.

Haishuki. Ligi ya besiboli ya Marekani haina kushuka daraja. Aliyeshika mkia anabaki palepale, tena anapata zawadi, maana kwa utaratibu wa sasa, mwaka huu wa 2013, kila Juni timu hugawana vijana wanaotoka shule na vyuo, na wa mwisho ndiye anayechagua wa kwanza. Astros walifungwa mechi 106 mwaka 2011, na mwaka jana 107. Mwaka huu ndiyo hizo 111 kati ya 162. Mwaka jana walichagua wa kwanza, wakamchukua mtoto wa miaka 17 kutoka Puerto Rico, Carlos Correa. Mwaka huu tena wakachagua wa kwanza, wakamchukua mrushaji wa Chuo Kikuu cha Stanford, Mark Appel. Mwakani watachagua wa kwanza kwa mara ya tatu mfululizo. Hapo utaona mwenyewe kwamba mkono wa mtu umo.

Jim Crane aliinunua timu mwishoni mwa 2011, akamleta Jeff Luhnow awe meneja mkuu. Wachezaji wakubwa waliokuwa wamebaki na mishahara ya maana wakauzwa mmoja mmoja, wakaletwa vijana ambao bado wanakuzwa kwenye ligi za chini. Msimu huu ulipoanza, mishahara ya kikosi kizima haikufikia anacholipwa Alex Rodriguez wa Yankees ya New York peke yake. Na mwaka huohuo ndio wakahamishwa kutoka Ligi ya Taifa, moja ya matawi mawili ya ligi kuu, walikokuwa tangu 1962, wakatupwa tawi la pili, Ligi ya Amerika, kupambana na Texas Rangers na Oakland. Kocha, Bo Porter, naye ndiyo kwanza anapewa timu yake ya kwanza ya ligi kuu.

Usije ukadhani ni vijana wasiojua mpira. Siku ya kwanza, Jumapili ya Pasaka, waliwapiga Rangers 8 kwa 2, na mji mzima ukachangamka. Siku mbili baadaye nilikuwa uwanjani, na siku hiyo sitaisahau. Yu Darvish, Mjapani wa Rangers, aliwatoa wapigaji 26 mfululizo, hakuna hata mmoja aliyeikanyaga besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji. Kumi na wanne kati yao aliwamaliza kwa straiki tatu, yaani walishindwa na mipira yake mara tatu wakatolewa. Bado mtu mmoja tu, na angekuwa amekamilisha mchezo usio na doa, jambo ambalo katika historia yote ya ligi hii lilikuwa limetokea mara 23 tu. Watu wa Houston wenyewe walikuwa wamesimama kumshangilia mgeni. Akaingia Marwin Gonzalez, kijana wa Venezuela, miaka 24. Mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa akaugonga, ukapita katikati ya miguu ya Darvish, ukabiringika hadi katikati ya uwanja. Darvish alishusha glavu yake, akatabasamu. Tulifungwa 7 kwa 0, lakini mimi nilirudi nyumbani kifua mbele, kwa sababu kijana yule, ambaye usiku ule hakuna aliyemtegemea, hakukubali kuwa jina la mwisho kwenye orodha ya mtu mwingine.

Au mchukue José Altuve. Ni mfupi, Mbwana, mfupi kuliko sisi wote tuliocheza pale shuleni. Alipokwenda kujaribiwa na Astros kwao Maracay aliambiwa asirudi kwa sababu ya kimo chake. Baba yake akamwambia rudi. Akarudi, wakamsajili kwa dola 15,000. Leo ana miaka 23, ameiba besi 35 msimu huu, yaani kukimbilia besi ya mbele bila kusubiri mpira upigwe, na Julai alisaini mkataba mpya wa miaka minne. Kazini kwangu yupo dada mmoja wa Venezuela ambaye siku Altuve akigonga vizuri hutusalimia wote kwa kicheko, na siku akikosa huja na maelezo kwamba ni mwamuzi.

Julai hiyohiyo walimpandisha Jarred Cosart, mrushaji wa miaka 23 aliyetoka League City, jirani tu na hapa. Mechi yake ya kwanza akapangiwa David Price wa Tampa Bay, yule aliyechukua tuzo ya mrushaji bora wa Ligi ya Amerika mwaka jana. Cosart akafika hadi zamu ya saba kati ya tisa bila mtu kuugonga mpira wake wa maana, wakashinda 2 kwa 1.

Sasa nikueleze kinachoniuma. Kuijenga timu kwa vijana ninakubali, ni jambo la busara. Wewe umekulia kwenye mashamba ya mkonge, unajua kwamba mkonge haukatwi mpaka ipite miaka kadhaa. Lakini anayeupanda hulipwa siku yake, hata kama siku ya kukata hatakuwepo. Vijana hawa wanapanda, na wanacholipwa ni aibu. Chris Carter amepiga mipira 29 nje ya uwanja, kazi ambayo kwenye timu nyingine ingempa heshima. Watu wanamkumbusha straiki zake tu, mara 212. Kikosi kizima kimetolewa kwa straiki mara 1,535, kabla yao hakuna timu iliyokuwa imewahi kufikisha hizo kwa msimu mmoja, na rekodi hiyo itakaa na majina yao, si na ya waliowapanga. Wengi wao mwaka timu itakapoanza kushinda watakuwa wameshaachwa.

Na ubaya zaidi, yupo kijana aliyestahili kuwasaidia, akazuiwa. George Springer alikuwa ligi za chini mwaka huu, Corpus Christi kisha Oklahoma City, akapiga mipira 37 nje ya uwanja na kuiba besi 45. Hata Septemba, wakati timu zote zinaruhusiwa kuongeza wachezaji, hawakumpandisha. Kila siku anayokuwa ligi kuu inahesabiwa kwenye muda wake wa kazi, na mapema kuanza ni mapema kudai hela nzuri. Hapo siwezi kuwatetea wakubwa hata kidogo. Ukishamwambia Cosart na Altuve wapambane kila jioni, ni wajibu wako kuwapa mwenzao aliye tayari.

Hata kuwaona imekuwa taabu. Kituo kinachoonyesha mechi zao hakikuafikiana na kampuni nyingi za televisheni, nyumba nyingi za Houston hazikipati, na ya kwetu ni mojawapo. Jumapili ya tarehe 22 Septemba, walipocheza Cleveland wakati uleule wa mechi ya Texans, timu ya hapa ya mpira wa Kimarekani, waliohesabu watazamaji wa jiji walipata sifuri nukta sifuri. Jiji la watu zaidi ya milioni mbili! Nilisoma habari hiyo nikaona nisiposimama upande wao mwisho wa msimu nitakuwa sina haki ya kujiita shabiki.

Basi nikaenda mechi mbili za mwisho, dhidi ya Yankees. Jumamosi wengi walikuja kumuaga Andy Pettitte, mtu wa Deer Park hapa karibu, miaka 41, anastaafu. Alirusha mechi nzima, wakatufunga 2 kwa 1. Jumapili nilikaa karibu na mzee mmoja mwenye daftari la kuandikia mechi na penseli fupi. Kila mpigaji alikuwa na kisanduku chake, akitolewa kwa straiki mzee anaandika K. Zamu tisa zikaisha 1 kwa 1. Nafasi za daftari zikamwishia, akageuza ukurasa, akachora mistari mipya kwa ukingo wa tiketi yake, akaendelea. Mechi ilifika zamu ya 14. Mark Reynolds akaupiga nje, wakaongeza na nyingine, tukafungwa 5 kwa 1. Kilikuwa kichapo cha 15 mfululizo. Mzee aliandika na hilo, akasimama, akawapigia makofi vijana mpaka wa mwisho alipoingia ndani. Nami nikapiga naye.

Nitarudi uwanjani Aprili. Wewe niandikie habari za vijana wako wa mtaani, hasa yule golikipa mdogo uliyesema anaogopa kona. Mwezi ujao kuna jamaa anasafiri kuja Dar, nitampa fulana ya Altuve akuletee. Nitumie saizi yako upesi.

Nisalimie mama sana, na wote wa Ngamiani.

Ndugu yako,
Athumani