Barua kwa mwanangu: hiyo namba uliyopewa

Mwanangu Idrisa,

Salamu nyingi. Mama yako ameniambia kocha wa timu yenu ya futiboli ya Kimarekani amekuhamishia namba ya fulbeki, yule anayemfungulia njia mbeba mpira, na kwamba tangu siku hiyo umenuna, sahani unairudisha nusu, na unasema utaacha timu. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, ili usome mpaka mwisho ndipo uniambie la kwako. Nimeshaegesha lori, mzigo utashushwa kesho asubuhi, muda ninao.

Najua kinachokuuma. Ulizoea kubeba mpira na kusikia jina lako likiitwa. Sasa mpira anapewa mwenzako, wewe unatangulia mbele yake kumpiga kikumbo beki anayekuja kumkamata. Yeye anafika mwisho wa uwanja na kushangiliwa, wewe unajiokota chini. Na siku ya kurusha pasi, unasimama baina ya kwotabeki, yule mrusha pasi, na jitu linalokuja mbio kumvunja mbavu. Umemwambia mama yako kwamba hiyo ni kazi ya ukuta.

Sasa nikusimulie habari za Marion Motley, fulbeki wa zamani. Alizaliwa Georgia mwaka 1920, na familia yake ikahamia Canton akiwa bado mdogo. Canton hiyo hiyo, baba, mwendo wa nusu saa tu kutoka hapo Akron, Ohio, mlipo. Alicheza katika sekondari ya McKinley, na timu iliyokuwa ikiwasumbua ni majirani zao wa Massillon, waliokuwa wakifundishwa na Paul Brown. Likumbuke jina la huyo kocha. Motley akaenda chuo, kwanza South Carolina State kisha Nevada, goti likaumia, akarudi Canton kufanya kazi katika kiwanda cha chuma. Vita vya pili vya dunia vikamkuta, akaingia jeshi la majini, na kule kambini Great Lakes akakuta timu inafundishwa na nani? Paul Brown yule yule. Mwaka 1945 wakawafunga timu ya chuo cha Notre Dame 39 kwa 7.

Lililofuata ndilo ninalotaka ulishike. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyecheza katika NFL, ligi kuu ya mchezo huu Marekani. Hata mmoja, miaka kumi na miwili. Mwaka 1946 mlango ukafunguliwa na watu wanne: Kenny Washington na Woody Strode walichukuliwa na Rams wa Los Angeles, na Bill Willis pamoja na Motley wakachukuliwa na Browns wa Cleveland, timu mpya ya Brown iliyokuwa katika ligi pinzani. Wewe shuleni umefundishwa habari za Jackie Robinson, aliyewafungulia weusi mlango wa ligi kuu ya besiboli, na ni vizuri, lakini Robinson aliingia 1947. Hawa walimtangulia.

Motley alisimulia baadaye jinsi wapinzani walivyokuwa wakimkanyaga mikono kwa njumu akiwa ameshaanguka, na waamuzi wakitazama pembeni. Brown alikuwa amewaonya yeye na Willis mapema kwamba wakijibu ngumi kwa ngumi, wao ndio watakaopoteza. Mwaka ule ule timu ilipokwenda Miami kucheza, wawili hao waliachwa nyumbani. Sheria za Florida hazikuruhusu weusi na weupe kucheza pamoja, na vitisho vya kuwaua vilikuwapo. Kila nikilifikiria hilo nashindwa kutulia. Mtu anailinda timu yake wiki nzima, halafu siku ya safari haruhusiwi kupanda.

Na kulinda hasa ndiyo ilikuwa kazi yake. Kwotabeki wa Browns alikuwa Otto Graham, mrusha pasi hodari, na aliyekuwa akimpa Graham nafasi ya kurusha alikuwa Motley, mwanamume wa zaidi ya kilo 100, aliyesimama mbele yake na kumwangusha kila aliyepenya. Browns walichukua ubingwa wa ligi ile miaka yote minne, 1946 mpaka 1949. Ligi ikafa, wao wakahamia NFL mwaka 1950, watu wakasema sasa wataona. Mechi ya kwanza waliwafunga mabingwa, Eagles wa Philadelphia, 35 kwa 10, na msimu ukaisha kombe likiwa mikononi mwao.

Mwaka huo huo huyo mlinzi ndiye aliyeongoza ligi nzima kwa kukimbia na mpira, yadi 810, maana umbali unaousogeza mpira hupimwa kwa yadi. Tarehe 29 Oktoba dhidi ya Steelers wa Pittsburgh alipewa mpira mara 11 tu, akatoka na yadi 188. Katika maisha yake yote ya mchezo alipata yadi 4,720, wastani wa 5.7 kila aliposhika mpira. Mbinu mojawapo iliyompa yadi nyingi ilitokana na ulinzi wenyewe: wapinzani walikuwa wakimvamia Graham kwa pupa, Graham anamkabidhi Motley mpira, na huko mbele hakuna mtu tena. Mwandishi wa michezo Paul Zimmerman, aliyeutazama mchezo huu miongo mingi, alimtaja kuwa mchezaji bora kuliko wote. Fulbeki, Idrisa.

Mimi nilikuwa utingo kabla sijashika usukani, hilo unalijua. Pale mlima Sekenke, lori likiwa na shehena ya pamba, ni mimi niliyekuwa nakimbia nyuma na gogo kuzuia tairi. Dereva alilipwa na kusifiwa, lakini alijua, na mimi nilijua. Kwa hiyo usiniambie kazi hiyo ni ya mtu asiyefaa.

Ila sitakudanganya. Goti lile lilimrudia Motley, msimu wa 1954 hakucheza, 1955 akapelekwa Pittsburgh, akacheza kidogo, basi. Akataka kuwa kocha. Nani anayejua ulinzi kuliko yeye? Klabu yake haikumpa nafasi. Inasimuliwa kwamba alipomwendea Brown, kocha wake wa siku zote, Brown alimuuliza kama ameshatafuta kazi kwenye kiwanda cha chuma. Akafanya kazi posta Cleveland, akafanya kazi kwenye kampuni ya uchimbaji, akafanya kazi katika bahati nasibu ya jimbo, na baadaye katika idara ya vijana hapo hapo Akron. Mwaka 1968 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo, mtu mweusi wa pili kuingizwa, na ukumbi wenyewe uko mjini kwao Canton. Heshima kubwa. Lakini kazi ya ukocha katika NFL hakupewa mpaka anafariki mwaka 1999.

Ndiyo maana nasema cheza, na usome. Siku hizi timu nyingi za NFL hazina fulbeki kabisa, na waliobaki ni wa kuhesabu. Mmoja wao, Kyle Juszczyk wa 49ers, timu ya San Francisco, ametoka Medina, hapo jirani yetu. Alisoma uchumi Harvard, akacheza mpira huko huko, ndipo akachaguliwa na timu ya Baltimore mwaka 2013. Huyo ana kuzuia, ana kupokea pasi, na ana shahada. Mtazame anavyoingiza bega chini ya kifua cha beki, anavyochuchumaa kabla ya kugusana. Wewe unaingia umesimama wima mno, nimeona kwenye video za mama yako. Ndiyo sababu unaanguka.

Masharti yangu ni haya. Alama za hesabu zikishuka, mpira unasimama. Ukigongwa kichwa ukaona giza au kizunguzungu, unatoka uwanjani na daktari wa timu anaambiwa dakika hiyo hiyo, hata kama kocha anakuita mwanamume. Usimpige mtu kwa kichwa, piga kwa bega. Goti likivimba, usilifiche.

Nikirudi Ijumaa tutakwenda Canton pamoja na mdogo wako, ukamwone Motley kwa sanamu yake. Kabla ya mazoezi ya Jumatatu nipigie uniambie umemjibu nini kocha. Ukiamua kuacha, uniambie sababu yako kwa kinywa chako, nami nitakusikiliza. Ukikubali, kamwambie huyo kijana atakayebeba mpira kwamba uko mbele yake.

Mama yako anahitaji msaada wa kutoa mapipa Alhamisi usiku.

Baba yako