Malalamiko kuhusu karatasi ya maelekezo ya seti ya klachi na kiti (pakiti ya vipuri) cha raba zake

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAELEKEZO YENYE KASORO KWA MAGARI YA ZAMANI YALIYOEGESHWA MUDA MREFU

Tunalalamikia karatasi ya maelekezo mnayoiweka ndani ya boksi la seti ya klachi, pamoja na kiti cha raba za masta (silinda inayosukumwa na pedali) na slevu (silinda ya kwenye giaboksi inayoachia klachi) mnachokiuza kando. Pleti (sahani ya msuguano), presha pleti (inayoibana pleti) na beringi zenu ni imara na hatuna neno nazo. Lakini kuhusu gari lililokaa bila kutembea, karatasi yenu ina agizo moja tu: gia zikigoma kuingia, shusha giaboksi, badilisha seti nzima. Agizo hilo linamtia mwenye gari katika kazi kubwa na gharama kubwa kwa ugonjwa ambao mara nyingi uko nje ya giaboksi, au uko ndani lakini hautaki kifaa kipya.

Kipimo cha kwanza kilipaswa kuwa pedali ya klachi. Pedali ikiwa laini au ikizama hadi chini, fundi aangalie kopo la mafuta ya breki yanayosukuma klachi, kisha apapase pale fimbo ya masta inapoingilia kwenye chumba cha dereva, kisha afunue kifuniko cha mpira cha slevu. Pakiwa na unyevu wa mafuta, raba zimekwisha. Pedali ikipata nguvu baada ya kupampu mara mbili tatu, kuna upepo kwenye mfumo au raba ya masta imechoka. Ikirudi juu polepole, paipu ya mpira huenda imevimba kwa ndani na inazuia mafuta yasirudi. Halafu mtu mmoja akanyage pedali huku mwingine akitazama fimbo ya slevu. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha gari husika, ila kwa magari mengi fimbo husogea zaidi ya milimita 10. Ikisogea kidogo tu, hakuna sababu ya kugusa giaboksi. Kwa gari ambalo klachi yake huvutwa kwa kebo badala ya mafuta, kebo yenye kutu au iliyorefuka huleta dalili zilezile.

Pedali ikiwa ya kawaida na fimbo ikisafiri vizuri, lakini gia zinaingia injini ikiwa imezimwa na kugoma ikiwa inanguruma, hapo ndipo pa kushuku kwamba pleti imeganda kwa kutu kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini). Kuna tofauti moja ambayo karatasi yenu haiitaji kabisa. Washa injini gari likiwa kwenye gia, pedali ikiwa chini, katika uwanja tambarare usio na watu, kisha kanyaga breki. Pleti iliyoganda itazima injini. Klachi inayoburuza tu, yaani isiyoachia kabisa, haiizimi: gari hutaka kutambaa na gia hukwaruza. Kuburuza huko kunaweza kutoka kwenye beringi ndogo ya katikati ya flaiwili iliyokwama, au meno yenye kutu ya shafti ya giaboksi yanayoizuia pleti kuteleza, au mafuta kutosukumwa ya kutosha.

Pleti iliyoganda huweza kuachiwa bila kufungua kitu. Pasha injini moto hadi joto la kawaida la kazi, izime, kisha bana pedali chini kwa kipande cha mbao hadi asubuhi. Isipoachia, weka gia kubwa kabisa, kaza hendibreki, zuia magurudumu kwa vigingi, kanyaga breki na klachi kwa pamoja, gusa starta kidogo na uache. Usishikilie starta, itaungua. Hatua ya mwisho ni kuwasha gari likiwa kwenye gia ya kwanza uwanjani, pedali ikiwa imekanyagwa muda wote, na kukanyaga na kuachia akseleta kwa kushtua. Mara nyingi huachia kwa mlio mmoja. Baadaye klachi iachiwe taratibu mara kadhaa ili kutu isuguliwe. Ikitetemesha gari au kuteleza hata baada ya hapo, sasa giaboksi ishushwe.

Onyo lilipaswa kuandikwa kwa herufi kubwa: asiwepo mtu mbele wala nyuma ya gari, na mafuta ya kulegeza kutu yasipulizwe ndani ya nyumba ya klachi. Yakifika kwenye pleti, pleti iliyokuwa nzima itateleza na haitasafishika.

Kiti cha raba ndicho kinachotukera zaidi. Mmeandika, «paka grisi kabla ya kufunga». Grisi gani? Raba za mfumo unaotumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 huvimba zikiguswa na grisi ya kawaida, oili ya injini au dizeli. Raba iliyovimba hukwama ndani ya silinda, na baada ya muda mfupi pedali hairudi. Anayerudisha kifaa anajibiwa kwamba dhamana imekufa kwa sababu ametumia kilainishi kisichofaa, ilhali karatasi yenu haikumtajia kinachofaa. Hiyo si haki. Neno sahihi ni mafuta safi ya breki, au grisi maalumu ya raba za breki.

Mafuta ya breki pia hunyonya unyevu hewani, na unyevu ndio unaochimba vishimo vya kutu ndani ya silinda ya chuma ya gari lililoegeshwa. Kucha ikikwama kwenye kishimo, raba mpya itakatika kama ile ya zamani, hivyo silinda yote ibadilishwe. Karatasi yenu haisemi lolote juu ya hili, na kiti chenyewe hakina washa za shaba (pete bapa za kuzibia) wala kifuniko cha mpira cha slevu, ingawa picha ya boksi inavionyesha.

Na giaboksi ikishushwa kweli, tajeni mambo haya: kusafisha mafuta ya kuzuia kutu kwenye uso wa presha pleti mpya, kuhakikisha ni upande upi wa pleti unaotazama flaiwili, kukaza bolti kwa mshazari na kwa awamu, na kukagua oili sili (raba ya kuzuia oili) ya nyuma ya injini, ambayo hukauka gari likikaa na kuvujisha oili juu ya pleti mpya.

Tunaomba mfanye yafuatayo: mwandike upya karatasi hiyo mkianza na vipimo vya nje, mtaje kilainishi kwa jina, mweke washa na kifuniko ndani ya kiti au mwondoe picha, na mpokee upya madai yote ya raba zilizovimba yaliyokataliwa kwa kigezo cha kilainishi. Hadi karatasi mpya itakapotoka, bandikeni onyo kuhusu grisi juu ya viti vilivyoko madukani.

Tunasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu,
Mafundi wa magari ya zamani